Rangi Mkabala: Somo la Nyumbani kwa Wachoraji Wadogo



 Wiki hii tumekusudia kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya mengi yanayoishughulisha nyumba, nalo ni rangi anazochorea mtoto.

Wazazi wengi wanaijua hali hii. Mtoto huketi barazani na karatasi yake, visahani vya rangi na brashi moja. Huanza kwa furaha. Huchanganya hii na ile akitaraji kupata rangi nzuri kuliko zote, kisha huongeza nyingine, na nyingine tena, hadi karatasi nzima ikageuka rangi ya matope. Hapo hukunja uso, huichana karatasi na kusema kwamba yeye hajui kuchora. Mkubwa aliye karibu naye, badala ya kumtuliza, humkemea kwa kuharibu rangi zilizonunuliwa kwa pesa. Siku ya pili mtoto haulizi tena habari ya brashi.

Mtoto huyo hakukosa kipaji. Alikosa mtu wa kumweleza kanuni moja tu: kila rangi ina mwenzake anayeikabili. Wawili hao wakiwekwa ubavu kwa ubavu, kila mmoja humng'arisha mwenzake; wakikorogwa pamoja katika kisahani kimoja, huzimana. Wataalamu huziita rangi zinazokamilishana. Sisi katika safu hii tutaziita rangi mkabala, kwa kuwa hukaa zikitazamana.

Tangu mtaala wa umilisi uanze kutumika nchini kote mwaka 2019, sanaa imepewa nafasi yake shuleni, na wazazi wengi wamejikuta wakitumwa madukani kutafuta rangi na karatasi. Gharama hiyo tayari imelipwa. Ni hasara ikiwa mtoto hatatoka nayo na maarifa.

Rangi ni ishara

Kabla ya brashi, tumwambie mtoto kwamba kuzitazama rangi si upuuzi. Katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, Mwenyezi Mungu ametaja tofauti za ndimi zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa ishara Zake. Katika Sura ya Fatir, aya ya 27, zimetajwa rangi mbalimbali za matunda, na milima yenye njia nyeupe na nyekundu na nyeusi sana. Mtoto anayefundishwa kutazama kwa makini anafundishwa pia kutafakari.

Tunatambua kwamba wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu kuchora vyenye roho, na kwamba nyumba nyingi za mwambao wetu hujiepusha navyo. Somo hili halihitaji picha ya mtu wala mnyama. Majani, matunda, majahazi, milango ya nakshi, mikeka na maumbo ya kihandasi yanatosha, na kwa somo la rangi ndiyo mazuri zaidi, kwa kuwa jicho hubaki kwenye rangi.

Duara la rangi sita

Chukueni kisahani cha chai, kigeuzeni juu ya karatasi, na mtoto azungushe penseli pembeni mwake. Kisha aligawe duara hilo vipande sita, kama mkate wa sinia unavyokatwa. Kipande cha juu akitie rangi nyekundu. Akizunguka kuelekea kulia, afuatishe rangi ya machungwa, manjano, kijani, buluu, na mwisho zambarau, ambayo itakuwa imerudi kupakana na nyekundu.

Nyekundu, manjano na buluu ndizo zinazofunzwa watoto kuwa rangi za msingi. Tatu nyingine huzaliwa kwa kuchanganya: nyekundu na manjano huzaa machungwa, manjano na buluu huzaa kijani, buluu na nyekundu huzaa zambarau. Sasa mtoto aweke kidole juu ya rangi yoyote na akivushe moja kwa moja hadi upande wa pili wa duara. Akianzia nyekundu atafika kwenye kijani. Akianzia buluu atafika kwenye machungwa. Akianzia manjano atafika kwenye zambarau. Hizo ndizo jozi tatu za rangi mkabala.

Iko njia nyepesi ya kukumbuka bila duara: mwenza wa rangi ya msingi ni mtoto wa zile mbili zilizobaki. Ukiuliza mwenza wa buluu ni nani, tazama zilizobaki, nyekundu na manjano. Mtoto wao ni machungwa, naye ndiye mwenza.

Humo humo ndimo ilimo siri ya matope. Anayechanganya buluu na machungwa amezikusanya rangi zote tatu za msingi, maana nyekundu na manjano zimo ndani ya machungwa. Kila rangi ya kupakia humeza sehemu ya nuru na kuturudishia iliyobaki. Zikikutana zote tatu, karibu nuru yote humezwa, na kinachorudi machoni ni kahawia au kijivu kilichofifia.

Michezo mitatu ya kujaribu

Mchezo wa kwanza hauhitaji brashi. Kateni duara la karatasi nyekundu iliyokolea, ukubwa wa kifuniko cha chupa, na mliweke juu ya karatasi nyeupe mahali penye mwangaza. Mtoto alikazie macho kwa sekunde 30 bila kuyahamisha. Kisha liondoeni, naye aendelee kutazama pale pale peupe. Ataona duara lisilokuwapo, la kijani kinachoelekea buluu. Sababu yake ni kuwa sehemu za jicho zinazopokea nyekundu zimechoka kwa muda, na zile nyingine zinafanya kazi peke yao. Mwacheni aseme mwenyewe anachokiona. Msimtangulie kwa jibu.

Mchezo wa pili ni wa ujirani. Chukueni jani moja la mgomba na mkate vipande viwili vilivyo sawa. Kimoja kiwekeni juu ya karatasi au kitambaa chekundu, na cha pili juu ya kitambaa cha kijani. Muulizeni mtoto ni kipi kilicho kijani zaidi. Aghalabu atakionyesha kile cha juu ya nyekundu. Kisha vitoeni vyote viwili na kuvilaza pamoja, ajionee kwamba ni jani moja. Jirani amelibadilisha bila kuligusa.

Mchezo wa tatu ni wa kuchanganya kwa hesabu. Mtoto aweke kijiko kidogo cha rangi ya machungwa kwenye kisahani, kisha atie tone moja la buluu, akoroge, na apake mraba mdogo kwenye karatasi. Aongeze tone la pili, apake mraba mwingine pembeni. Kisha la tatu na la nne. Chini ya kila mraba aandike idadi ya matone. Atapata ngazi ya rangi inayoteremka kutoka machungwa hadi kahawia, na kutoka kahawia hadi kijivu. Hapo matope yanakoma kuwa msiba. Kahawia hiyo ni shina la mnazi, mbao za jahazi, boriti za mikoko na mlango wa kale. Aliyekuwa akiipata kwa bahati mbaya sasa anaipata kwa kukusudia, tena anajua ni matone mangapi.

Kutokana na mchezo huu mtoto hujifunza ustadi wa kuchora kivuli. Wengi hukimbilia nyeusi wanapotaka kutia giza upande mmoja wa tunda, na tunda likaonekana limechomwa. Chungwa likitiwa buluu kidogo kwenye upande wake wa kivuli, giza lake hubaki na uhai. Nyanya nayo hutiwa kijani kidogo, na ndizi mbivu zambarau kidogo sana.

Kuna tatizo jingine linalowakatisha watoto tamaa: zambarau inayokataa kutoka. Mtoto huchanganya nyekundu na buluu kama alivyofundishwa, akapata rangi ya kahawa. Kosa si lake. Nyekundu nyingi za bei nafuu zinaelekea machungwa, yaani zimebeba manjano ndani yake, na manjano ndiye mkabala wa zambarau. Tafuteni nyekundu inayoelekea waridi, na zambarau safi itatoka.

Waliotutangulia kutazama

Watoto wetu wajue kwamba elimu hii ina mizizi katika ustaarabu wa Kiislamu. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi takriban baina ya mwaka 965 na 1040, aliandika huko Misri kitabu kikubwa kuhusu nuru na kuona, Kitab al-Manazir. Miongoni mwa aliyoyaeleza ni kwamba aliyekazia macho mimea iliyopigwa na jua kali, kisha akayageuza macho yake, hubaki na athari ya rangi ile machoni. Alieleza pia kwamba rangi ile ile huonekana tofauti ikiwa juu ya cheupe na ikiwa juu ya cheusi. Mtoto anayekaza macho kwenye duara jekundu yuko kwenye njia aliyoipita mwanachuoni huyo: kujaribu, kutazama, kisha kusema.

Karne nyingi baadaye, jambo hili lilizuka katika kazi ya vitambaa. Mwaka 1824 mwanakemia Michel-Eugène Chevreul aliwekwa kusimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, mjini Paris. Kulikuwa na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zilikuwa hafifu, na watu walidhani dawa ya rangi ndiyo mbovu. Chevreul alichunguza akakuta nyuzi zenyewe hazina ila. Zilidhoofishwa na rangi zilizofumwa kando yake. Mwaka 1839 akatoa kitabu kuhusu namna rangi zinavyobadilishana zikikaa pamoja, na wachoraji wa Ufaransa wakakitumia kwa miaka mingi.

Mafundi wa Kiislamu walikuwa tayari wameonyesha kwa mikono yao. Vigae vya Iznik vinavyopamba misikiti ya Istanbul iliyojengwa katika karne ya 16 vina maua mekundu yaliyokolea katikati ya buluu na kijani. Nyekundu yenyewe ni kidogo tu, lakini ndiyo inayolikamata jicho kwanza.

Tulivyo navyo mlangoni

Hatuhitaji kwenda Istanbul. Mama anapopamba biriani kwa majani ya dania, kijani kile huifanya nyama na nyanya za mchuzi zionekane nyekundu zaidi. Anayenunua leso huifungua na kuitazama pindo na mji wake, akauliza kama rangi zake zinapatana. Yote haya ni elimu ya rangi, ijapokuwa hatukuipa jina hilo.

Tazameni baharini. Jaketi za kujiokolea wanazovaa abiria wa mashua na wavuvi aghalabu ni za rangi ya machungwa. Machungwa ni mkabala wa buluu, na mtu aliyeanguka majini huonekana kwa mbali kwa sababu hiyo. Mwelezeni hayo mtoto wa pwani, kwani hapo rangi inaokoa maisha.

Hospitalini nako, wapasuaji hawavai nyeupe. Mwaka 1914 daktari Harry Sherman wa San Francisco alianza kutumia kijani katika chumba cha upasuaji, kwa kuwa weupe uliyaumiza macho. Anayetazama damu kwa muda mrefu kisha akainua macho kwenye kitambaa cheupe huona vivuli vya kijani, kama mtoto wetu na duara lake. Kwenye kitambaa cha kijani vivuli hivyo havimsumbui, na jicho lake hurudi kwenye nyekundu likiwa kali.

Na bendera yetu ya taifa ina nyekundu na kijani, ambazo ni mkabala kamili. Lakini hazigusani, baina yao umepita mstari mwembamba mweupe, ambao maana yake ni amani. Mtoto achore nyekundu na kijani zikigusana, kisha azichore tena zikiwa na mstari mweupe katikati. Ataona kwamba mara ya kwanza mpaka wao unatetemeka machoni, na mara ya pili umetulia. Hilo ni somo jingine: rangi mbili zenye nguvu sawa huhitaji nafasi ya kupumua.

Mtoto asiyeiona tofauti

Sasa tufikie jambo ambalo lingetosha peke yake kuandikiwa makala. Katika michezo hii, mzazi anaweza kugundua kwamba mwanawe hatofautishi nyekundu na kijani. Atapaka majani kahawia na kuyaita kijani. Atashindwa kuziona nyanya mbivu katikati ya mbichi. Kipande cha jani juu ya kitambaa chekundu hakitamwambia lolote.

Mtoto wa namna hii mara nyingi hufikiriwa kuwa mvivu au mtukutu, na wenzake humcheka. Naye hana kosa. Ni upungufu wa kuona rangi anaozaliwa nao mtu, na huwapata zaidi wavulana. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini hukadiriwa kuwa mmoja kati ya 12 anao, na kwa wanawake mmoja kati ya 200. Katika jamii nyingine idadi aghalabu ni ndogo zaidi, lakini wapo. Aghalabu mtoto wa kiume huurithi kupitia kwa mama, ambaye mwenyewe huona vizuri. Tunalisema hili kwa tahadhari, wala lisigeuzwe kuwa lawama kwa mama, kwa kuwa hakuna aliyejichagulia anachorithisha. John Dalton, mwanakemia mashuhuri wa Uingereza, alikuwa na upungufu huu yeye na nduguye, akaueleza hadharani mwaka 1794. Haukumzuia kuwa mwanachuoni.

Mkiwa na shaka, mpelekeni mtoto kwa mtaalamu wa macho. Kipimo chake ni chepesi, cha kusoma tarakimu zilizofichwa katika madoa ya rangi. Upungufu wa kuzaliwa hauna tiba ya kuuondoa, lakini ukijulikana mengi hurahisika. Andikeni majina juu ya chupa za rangi. Mwelekezeni kwenye buluu na manjano, ambazo wengi wao huzitofautisha vizuri, na kwenye ung'avu na giza. Mwambieni mwalimu wake, ili asimwadhibu kwa ramani iliyopakwa rangi isiyo yake. Na kwenye taa za barabarani, afundishwe kwamba nyekundu ni ya juu na kijani ni ya chini.

Nasaha za mwisho

Msinunue sanduku la rangi 24. Nyekundu, manjano, buluu na nyeupe zinatosha kwa mwaka mzima, na mtoto mwenye chache hulazimika kufikiri. Wekeni vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea brashi na kimoja cha kusuuzia. Mfundisheni kungoja rangi ikauke kabla ya kuipakia jirani yake, maana mkabala zikiwa mbichi huingiliana na matope yakarudi. Na mwelezeni kwamba rangi mkabala haziwi na kiasi sawa: nyekundu kidogo katika uwanja wa kijani hupendeza kuliko nusu kwa nusu.

Tena, mtoto akipaka mnazi kwa zambarau, msimwambie amekosea. Muulizeni kwa nini. Huenda ameuona mnazi saa ya magharibi, jua likiwa limekwisha kuzama, na macho yake yameona kweli.

Wapo watakaosoma haya wakawakumbuka ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja mpole na mwingine mwenye haraka. Wanapolazimishwa wafanane, wote wawili hufifia. Wanapoachwa kila mmoja na rangi yake, huku mzazi akiwatia mstari mweupe katikati, kila mmoja humdhihirisha mwenzake.

Kazi ya wiki hii ni nyepesi. Watoto watafute jozi tano za rangi mkabala baina ya nyumbani, sokoni na msikitini, waziandike, kisha wachague jozi moja na kuchora nayo mkeka wa miraba kwa rangi hizo mbili tu pamoja na nyeupe. Wazazi wakae nao, hata kwa nusu saa, baada ya Alasiri wakati mwanga ni mzuri.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atubarikie watoto wetu, awape macho yenye kutazama na nyoyo zenye kutafakari, na atuwezeshe kuwalea kwa subira. Amin.

Wabillahi tawfiq.